Chumba cha Chini cha Mzee wa Stesheni

Mtakaosoma, naomba kwanza mnivumilie mwandiko. Mkono wangu umezoea mwiko wa lipu kuliko kalamu, na herufi zangu zinalala upande kama majani yaliyopitiwa na ng'ombe. Niliishia darasa la saba. Maneno mengine nayaandika jinsi ninavyoyasikia, na ukurasa mmoja unanichukua karibu siku nzima. Lakini aliyeniagiza niandike anajua haya yote, na bado akasema niandike mimi.

Jina lake sitalitaja. Huku kwetu juu ya Tengeru kila mtu anamwita Mzee wa Stesheni, hata watoto ambao hawajawahi kuona stesheni. Alifanya kazi reli miaka mingi, na mwisho alikuwa stesheni masta, yule anayesema treni iondoke au isubiri. Treni zilipoacha kuja Arusha, alirudi kwenye migomba na kahawa yake. Alirudi na koti jeusi lenye vifungo vya shaba, bendera mbili, ya kijani na nyekundu, na kipande cha reli chenye urefu wa mkono. Koti na bendera alivitunza. Kipande cha reli aliwapa walimu wetu, wakakining'iniza kwenye mti, ikawa ndiyo kengele ya shule. Miaka saba nilikimbia kila asubuhi kwa sababu ya mlio wa chuma kile, bila kujua kwamba nilikuwa nakimbia kama abiria.

Tulipopita kwake kwenda shule tulimkuta kwenye uzio wake wa masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mipakani, ameinua mkono wenye saa karibu na uso.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Saa moja na dakika kumi na nne. Mmechelewa dakika mbili."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Siku moja mwenzetu mmoja mkorofi akamjibu, "Mzee, sisi si treni."

"Najua," akasema. "Treni ingeomba radhi."

Tulicheka mpaka shuleni, na kesho yake tukawahi.

Saa yenyewe ilikuwa ya kutia ufunguo. Watu walimwambia siku hizi saa ziko kwenye simu, hazikosei hata sekunde. Alisema saa ya simu anaiona kila mtu, kwa hiyo hakuna anayeitunza. Yake aliitia ufunguo kila siku kabla ya chai, mizunguko kumi na miwili, na mkewe alikuwa haruhusiwi kumsemesha mpaka amalize. Mkewe ni Mchaga wa Machame, mama mcheshi sana. Yeye humwita mumewe Stesheni. "Stesheni, chai imefika, abiria washuke," anasema, na Mzee anashuka kweli kutoka barazani, uso mkavu kabisa.

Neno lake kubwa lilikuwa "njia ni moja." Reli ya Moshi hadi Arusha ina njia moja tu, alitueleza. Treni mbili zikitoka pande mbili, moja lazima isubiri kituoni mpaka nyingine ipite, na wa kuamua ni stesheni masta. Basi akalitumia neno hilo kila mahali. Watu wawili wakizungumza kwa pamoja kwenye kikao cha usharika, anainua kiganja: "Njia ni moja." Kuku wakigombania mlango wa banda: "Njia ni moja." Mchungaji naye alilishika, akawa analisema kwenye mahubiri, na Mzee akawa anatikisa kichwa kwa sababu, alivyodai, mchungaji hakulielewa.

Lakini kulikuwa na njia moja ambayo yeye mwenyewe hakuimudu. Kati ya shamba lake na la jirani yake wa juu, Mama Eliamani, kuna kijia chembamba kati ya masale, cha mtu mmoja. Kwa miaka kumi na moja wawili hao hawakusalimiana. Wakikutana hapo, kila mmoja alisimama akiangalia migomba mpaka mwingine achoke na kurudi alikotoka.

Sababu ilikuwa maji. Huku kwetu maji ya shamba yanatoka mlimani kwa mfereji, na kila nyumba ina zamu yake, siku na saa. Zamu ikiisha unafunga kwa jiwe na magome ya mgomba, maji yanakwenda kwa mwingine. Anayepitiliza anaitwa kwenye kikao cha mfereji. Mama Eliamani aliwahi kupitiliza saa nzima. Mzee wa Stesheni alikuwa amesimama pale na saa yake, akahesabu, akapeleka taarifa kwenye kikao mbele ya watu wote, dakika kwa dakika. Mama akapigwa faini ya siku tatu za kuchimbua mfereji. Hakujitetea. Baadaye ndiyo watu wakajua kwamba saa ile alikuwa ndani anamgeuza mumewe kitandani, na mumewe hakumaliza mwezi.

Mama yangu anasema msibani Mzee alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi, akaondoka kabla ya chakula. Mtu akimtajia jambo lile alisema, "Saa ilikuwa sahihi." Na ni kweli ilikuwa sahihi. Nilipokuwa mdogo niliona hilo ni jibu zuri.

Kuhusu mimi niseme kidogo tu, ili mjue niliingiaje kwake. Nilipomaliza shule, mjomba wangu ambaye ni fundi wa lipu alinichukua nikamkorogee simenti. Mimi si msemaji, nikiwa na watu wengi maneno yanagoma. Ukuta hauhitaji maneno, na mkono wangu ukaonekana umenyooka. Baada ya miaka miwili mjomba alianza kuniachia vyumba vizima.

Mzee alikuja nyumbani kiangazi kimoja, kofia kichwani, fimbo mkononi.

"Namtaka fundi."

"Shikamoo. Mjomba hayupo, Mzee. Yuko Nduruma kwenye kazi."

"Marahaba. Sijasema namtaka mjomba wako."

Kuanzia siku hiyo hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita Fundi, hata mbele ya watu wazima, hata kanisani.

Nyumba yake imejengwa kwenye mteremko. Ukitoka barabarani unaingia sebuleni moja kwa moja, lakini ukizunguka upande wa bondeni unakuta mlango mwingine chini ya sebule. Hicho ndicho chumba cha chini. Kuta zake tatu ziko ndani ya udongo wa mlima, na wa nne una mlango na dirisha dogo. Zamani kilihifadhi magunia ya kahawa. Siku hiyo kilikuwa na kila kitu: magunia matupu, kreti za soda, majembe yasiyo na mipini, viti vya arusi ya binti yao, godoro lililoliwa na panya.

"Nataka chumba hiki kiwe kikavu," akasema. "Kikavu kama mfuko wa shati."

"Cha kuweka nini, Mzee?"

"Reli."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akachukua chaki mfukoni, akapiga magoti, akaanza kuchora sakafuni. Karibu na mlango akaandika Moshi. Akavuta mstari, akaweka daraja la Kikuletwa, akaweka kituo cha Usa River, akazunguka mguu wa kiti, akafika kona ya mwisho, akaandika Arusha. Alichora bila kusita, kama mtu anayeandika jina lake. Alitaka kuijenga reli yote juu ya meza ndefu ya mbao kuzunguka chumba: vituo, madaraja, miti, na treni ndogo inayotembea yenyewe.

Mkewe alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Fundi, muulize ndizi zangu nitaivishia wapi."

"Juu," akasema Mzee.

"Juu wapi, Stesheni? Kitandani kwako?"

"Kama njia iko wazi."

Mama akacheka, akaanza mwenyewe kubeba kreti nje. Baadaye, tukiwa wawili uani, akaniambia bila kucheka. Daktari alikuwa amemwambia Mzee ana presha ya macho. Dawa ilikuwa inachelewesha tu. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Labda mwaka mmoja, labda miwili. "Anataka kuiona tena kabla," akasema. "Basi tumpe chumba. Ndizi zitaiva popote."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuitwa kupaka chumba tu. Nilikuwa nashindana na macho ya mtu.

Ukuta wenye shida ulikuwa ule wa nyuma, upande wa mlima. Ulikuwa na madoa meusi, na unga mweupe wa chumvi kwenye lipu ya zamani. Nilimshauri ageuze ramani yake, Arusha ikae upande wa dirisha ambako ni pakavu. Alinitazama kana kwamba nimemshauri ahamishe mlima. "Reli inatoka mashariki kwenda magharibi, na Meru iko kaskazini," akasema. "Ukuta huu ndio kaskazini. Nyuma yake ni Meru wenyewe. Nitauchora mlima mahali ulipo."

Nilibandua lipu yote. Nilipiga mpya, yenye dawa ya kuzuia maji, nikaisugua mpaka ikawa kama uso wa sahani. Wiki mbili ilikaa vizuri. Ya tatu ikaanza kuvimba kama maandazi. Nikaibandua nikarudia, safari hii nene zaidi. Ikavimba tena, na doa likapanda juu kuliko mwanzo. Ilikuwa kiangazi kikali, tone la mvua halijaanguka, na ukuta unalia.

Niliona haya. Wiki nzima nilizunguka kwa njia ya bondeni nisipite kwake. Mwisho mkewe akaja nyumbani na ujumbe: "Stesheni anasema treni ikianguka hatumfukuzi dereva kabla ya kuangalia reli. Rudi."

Nilimkuta amenunua daftari la shule. Kila asubuhi alikuwa akishuka, anaweka mgongo wa kiganja kwenye ukuta, kwa sababu ndani ya kiganja, alisema, kumeshakomaa na hakusemi kweli. Kisha anaandika: siku, saa, kavu au mbichi, na ubichi umepanda vidole vingapi kutoka sakafuni. Aliandika kwa mazoea, kwa herufi kubwa. Kuandika aliweza bado, kusoma ndiko kulikomshinda.

"Maji haya yana ratiba," akasema. "Yanakuja na kuondoka. Na mimi namjua mwenye nayo."

Hakutaja jina. Alinyoosha fimbo juu, kwa Mama Eliamani.

"Zamu yake ni Jumatatu na Alhamisi. Ukuta ukiwa mbichi Jumanne na Ijumaa asubuhi, ni yeye. Nitalipeleka daftari kikaoni."

"Na ukiwa siku nyingine?" nikauliza, kwa sauti ndogo.

"Tutaona. Wiki tano. Sijumlishi kabla ya wiki tano."

Niwaeleze kidogo kuhusu mikono yake, kwa sababu wiki hizo tano hakukaa bure. Ukuta ukisubiriwa, yeye alitengeneza treni kwenye meza ya sebuleni. Reli alizipata kwa spoku za baiskeli, alizozinyoosha moja moja kwa nyundo ndogo. Mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli, aliyakata kwenye matawi ya kahawa yaliyopogolewa, kila moja urefu wa njiti ya kiberiti. Alikata mia kwa mia, akayapanga kwenye trei ya mayai. Kichwa cha treni kilikuwa kopo la maziwa, na ndani yake mota ya redio ya kaseti iliyokufa. Akikosea kipimo alikitupa kipande dirishani bila hasira, na kuku walikuja kukiangalia. Alifanya haya yote uso ukiwa umbali wa shubiri moja kutoka mezani. Mara nyingine aliacha kutazama kabisa, akaendelea na vidole.

Nilimuuliza kama alikuwa akisafiri sana kwa treni. Alimaliza kwanza kunyoosha spoku moja. "Nimesafirisha watu," akasema. "Kusafiri, mara nne."

Kitu kingine kilichonishangaza ni kwamba treni ilipoanza tena kuja Arusha, baada ya miaka yote ile, hakufurahi kama tulivyotegemea. Alipigisha koti pasi, akashuka mjini, akasimama kati ya watu wanaopiga picha. Mkewe anasema alisogea kwa kijana mwenye bendera, akamrekebisha kiwiko. Kisha akarudi nyumbani, akavua koti, akasema, "Imefika. Lakini si ile." Ile ilikuwa kichwani kwake tu, na haikuwa na pa kwenda.

Wiki tano zilipoisha aliniita. Alikuwa kwenye kigoda nje ya chumba cha chini, mkewe akimenya ndizi za mchana pembeni.

"Nisomee."

"Mzee, mimi nasoma polepole."

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Wanaosoma haraka wanaruka vituo."

Nikafungua. "Jumatatu, saa moja kamili, kavu. Jumanne, saa moja kamili, kavu. Jumatano, saa moja na dakika mbili, mbichi, vidole vinne. Alhamisi, mbichi kidogo, vidole viwili. Ijumaa, kavu. Jumamosi, mbichi, vidole vitano." Wiki ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Nilipofika Jumatano ya wiki ya nne sauti yangu ilikuwa imeshuka hadi karibu haisikiki.

"Pandisha sauti, Fundi. Jumatano ni siku kama nyingine."

"Mbichi. Vidole vinne."

Kisu cha mkewe kilikuwa kimesimama juu ya ndizi.

"Jumanne jioni mfereji ni wa nani?" akauliza Mzee.

Nililitazama daftari. Kila mtu alijua, kuku walijua.

"Fundi."

"Wa kwenu, Mzee."

"Na Ijumaa?"

"Wa kwenu."

"Soma tena toka mwanzo."

Nikasoma tena yote, ukurasa kwa ukurasa. Hakunikatiza. Sasa nikikumbuka nafikiri alikuwa ameshajua. Mtu anayegusa ukuta kila asubuhi wiki tano hawezi kukosa kujua. Alitaka kusikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Nilipomaliza alichukua daftari, akaandika mstari mmoja chini ya Jumamosi ya mwisho, akanirudishia nisome. Alikuwa ameandika: Kosa ni la stesheni.

Ilikuwa kazi ndogo sana kuishia hapo. Angeweza kufunga maji yake wiki mbili, kimya kimya, ukuta ukauke, na hakuna ambaye angejua amemshuku mjane wa watu. Nilimwona akilifikiria hilo. Mkewe naye alimwona. Aliinuka, akaenda kwenye uzio, akachuma jani moja la sale, refu, akalifuta vumbi kwa kanga.

"Kwetu Machame mtu hapandi kuomba radhi mikono mitupu," akasema. "Ukimpelekea mtu sale, hawezi kukufukuza."

"Nitamwambia nini?"

"Wewe hukosi maneno ukiwa na saa. Nenda."

Alivaa lile koti jeusi. Akaniambia nibebe daftari. Tulipanda kijia kile chembamba, yeye mbele, na jani amelishika wima mbele ya kifua, vile vile alivyoshika bendera ya kijani. Mama Eliamani alikuwa uani kwake anaanua kahawa. Alituona tukija. Hakuingia ndani, hakuja mbele. Aliliangalia jani, kisha mkono wa Mzee, ule wenye saa.

"Saa ngapi?" akauliza. Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia baada ya miaka kumi na moja, na lilikuwa na makali.

Mzee alisimama. Nilimwona akianza kuinua mkono, kisha akaushusha.

"Sikuangalia," akasema.

Mama Eliamani alimtazama usoni. Kahawa zilikuwa zinadondoka kutoka kwenye ungo alioshika na yeye hajui.

"Siku ile nilikuwa na saa," akaendelea Mzee. "Sikuuliza uko wapi. Nilipaswa kugonga mlango. Nimekuja kugonga."

Alisema hivyo tu. Mama Eliamani aliweka ungo chini, akapokea jani kwa mikono miwili, akalichomeka kwenye paa la jiko. Kisha akauliza tumebeba daftari la nini. Nikamweleza mimi, kwa sababu Mzee alikuwa hawezi: ukuta, reli, ratiba ya maji, na hata kwamba tulimdhania yeye. Sijui niliyatoa wapi maneno mengi vile.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akachukua jembe, akatangulia kushuka, moja kwa moja hadi kwenye migomba iliyo juu ya nyumba ya Mzee, hatua kumi nyuma ya ukuta wetu. Akapiga jembe mara tatu kando ya mfereji mdogo. Udongo ukaingia ndani, ikabaki shimo jeusi linaloweza kumeza mkono.

"Panya fuko," akasema. "Wamechimba hapa miaka. Kila ukifungulia, nusu ya maji yako inaingia humu. Mimi nikiwa kule juu naiona inapotea."

"Uliona?" akauliza Mzee.

"Kila Jumanne na kila Ijumaa."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama Eliamani akajiegemeza kwenye mpini. "Ningekuambiaje, baba? Tulikuwa hatuongei."

Mkewe, ambaye alikuwa ametufuata, ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Mama Eliamani. Mzee hakucheka. Alivua koti, akalitundika kwenye mgomba, akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye shimo mpaka begani, kama anayetafuta kitu alichokiangusha humo zamani.

Tulihamisha mfereji ule mdogo hatua ishirini mbali na nyumba, tukausakafia kwa mawe na udongo wa mfinyanzi. Nilibandua lipu kwa mara ya tatu, nikauacha ukuta uchi wiki sita. Daftari likaanza kuandikwa kavu, kavu, kavu. Masika yakaja, mvua ya kweli, na bado kavu. Ndipo nikapiga lipu ya mwisho, nyembamba, isiyo na dawa yoyote. Mlima niliuchora mimi, Mama Eliamani akinisimamia, maana Mzee alikuwa haoni tena mbali kiasi hicho. "Pengo la mlima liko mashariki, mwanangu, usinizibie," alinirudisha mara mbili. Kijia kati ya mashamba wakakiongeza upana. Si mkubwa. Wanapita wawili kama mmoja akigeuka kidogo.

Baada ya hapo nilipata kazi Moshono, kwenye nyumba mpya zinazojengwa, na miezi mingi ikapita bila kufika kwake. Nimekwenda mwezi huu. Alikuwa mlangoni pa chumba cha chini.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Fundi. Ulisema saa nne. Umechelewa dakika tisa."

"Umejuaje?"

Akainua saa sikioni, akaitikisa, akacheka. Siku hizi saa anamuuliza Mama Eliamani, ambaye anashuka kila asubuhi kuandika daftari. Bado wanaandika. Ukuta una zaidi ya mwaka ni mkavu, haujakosa hata siku moja.

Aliingia mbele yangu, na kabla ya yote akaweka mgongo wa kiganja ukutani. Kisha akagusa waya chini ya meza. Kopo la maziwa likatetemeka, likaondoka Moshi likivuta mabehewa manne ya mbao, likapita juu ya Kikuletwa, ta-ta, ta-ta, kwenye kila kiungo cha spoku. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Alitaja kila kitu kabla treni haijakifikia: wembamba wa daraja, mteremko, tangi la maji, kibanda cha mama wa chai, mti uliopigwa na radi. Vyote vipo, vimepakwa rangi, vidogo kama kidole. Treni ilipokaribia Usa River akanyamaza. Ikapita, ikaenda mpaka Arusha chini ya mlima wangu, ikasimama.

Kituo cha Usa River, kile cha zamani, ni kijumba cha mbao tupu. Hakijapakwa kitu.

"Madirisha," akasema. "Fremu za madirisha na mlango. Nimekaa pale miaka mitatu, Fundi, na rangi imenitoka. Mke wangu anasema kijani. Mama Eliamani anasema bluu. Mimi moyoni naona kahawia, lakini kahawia naiona kila mahali siku hizi."

"Tuchague moja, Mzee."

"Hapana. Ukuta tulibahatisha mara mbili ukavimba. Hiki sikibahatishi."

Bado anaona rangi kidogo, kitu kikiwekwa karibu na dirisha kabla ya mchana. Mkewe ameniambia asubuhi hizo nazo zinapungua. Ndiyo maana akaniagiza niandike. Nilimwambia kuna wanaoandika haraka na vizuri. Akasema, "Watu wa haraka wataandika habari ya treni. Wewe utauliza madirisha."

Basi nauliza. Kama wewe, au mama yako, au babu yako, aliwahi kuteremka au kupanda treni kwenye kituo cha zamani cha Usa River, aliwahi kuuza chai pale, kusubiri mgeni, au kujikinga na mvua chini ya baraza yake, tuandikie. Sema fremu zilikuwa na rangi gani, na ulikuwa umesimama upande gani ulipoziona. Kama una picha ya rangi, bora zaidi. Tuma jibu hapa hapa kwenye ukurasa huu, litatufikia. Usiogope mwandiko wala makosa, mmeshaona wangu. Barua zote nitamsomea mwenyewe, polepole, bila kuruka. Makopo matatu ya rangi yako dirishani, kijani, bluu na kahawia, na hakuna lililofunguliwa.